Uzee Haupofushi: Mhadhara juu ya Glakoma na Watu Walio Hatarini



Katika pwani hii ya Ziwa Tanganyika, huku Burundi, tangu Kabezi na Magara mpaka Rumonge, Kigwena na Nyanza-Lac, si nadra kumkuta mzee aliyekuwa zamani mvuvi hodari, au mama aliyesifika kwa kukamua mawese, ameketi barazani macho yakiwa wazi lakini hayaoni, akimtambua kila apitaye kwa sauti yake na kwa mwendo wa miguu yake. Na ukiwauliza jamaa zake amepatwa na nini, watakujibu kwa upole na kwa yakini kwamba huo ni uzee. Jibu hilo lina adabu, wala sina shaka kuwa latolewa kwa nia njema, lakini nimesimama mbele yenu kulikanusha, kwa sababu limewagharimu watu wengi nuru ya macho yao. Uzee haupofushi. Kinachopofusha ni maradhi, na maradhi yana sababu, yana njia ya kuingia, na yana watu ambao huwaelekea zaidi kuliko wengine. Na pale tunapoyafunika kwa uzee, ndugu na watoto wa mgonjwa hawapati habari kwamba yamkini maradhi hayo hayo yamekwisha kuanza kazi ndani ya macho yao wenyewe.

Kati ya maradhi yanayowapofusha watu wazima ulimwenguni, mawili yapasa kutofautishwa kabla ya mengine yote, kwani kuyachanganya ndiko kunakotuponza. La kwanza ni lile tuliitalo mtoto wa jicho, ambalo ni ukungu ulioingia katika lenzi iliyo nyuma ya mboni. Nalo, ingawa lapofusha watu wengi kuliko jingine lolote, lina faraja yake, maana tabibu huitoa lenzi iliyochafuka, akaweka ya bandia mahali pake, na mtu aliyekuwa kipofu asubuhi akaweza kuziona nyuso za wajukuu wake baada ya siku chache. La pili ni glakoma, ambayo wengi wetu twaiita presha ya macho. Hiyo haigusi lenzi. Hushambulia mshipa wa fahamu unaochukua habari kutoka jichoni kwenda ubongoni, na mshipa huo ukifa hakuna tabibu wa Bujumbura, wa Nairobi wala wa London awezaye kuupandikiza mwingine. Kwa sababu hiyo, miongoni mwa maradhi yaletayo upofu usiorudi, glakoma ndiyo inayotangulia duniani. Na wataalamu waliofanya hesabu mwaka 2014 walikadiria kuwa wenye maradhi hayo, walio na umri wa miaka 40 hadi 80, wangefika milioni 76 ifikapo 2020, na kuzidi milioni 111 ifikapo 2040.

Sasa tazameni msiba unaotokana na kuyachanganya haya mawili. Zamani matabibu walikuwa wakiwaambia wenye mtoto wa jicho wangoje mpaka ukomae ndipo waje kupasuliwa, na shauri hilo, ambalo siku hizi halihitajiwi tena hata kwa mtoto wa jicho wenyewe, limebaki vinywani mwa watu vijijini na masokoni. Mtu mwenye glakoma, akiona nuru yapungua, huambiwa na majirani angoje jicho likomae. Naye kwa utiifu hungoja mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na siku atakapofika hospitali akiamini ya kuwa wakati wa tiba ndio umewadia, huambiwa kwamba wakati wa tiba ulikuwa siku ile alipoanza kungoja. Hakuna glakoma inayokomaa ili itibiwe. Kila siku apitishayo mgonjwa bila dawa ni siku iliyokatwa katika hesabu ya kuona kwake.

Ili tuyafahamu maradhi haya yafanyavyo kazi, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa maana tunao mbele ya milango yetu. Ziwa letu hupokea maji ya mito mingi, Rusizi kutoka kaskazini, Malagarasi kutoka mashariki, na vijito visivyo na idadi vitelemkavyo milimani. Lakini mto unaoyatoa maji hayo ni mmoja tu, nao ni Lukuga, ulioko ng'ambo ya Kongo penye mji wa Kalemie. Katika miaka ya 1870 msafiri Cameron alifika kwenye mdomo wa Lukuga akaukuta umesongwa na matete na majani, na Stanley, msafiri mwingine, alipoukagua mwaka 1876 alikuta bado umezibwa na tope na mimea, ilhali ziwa lilikuwa likipanda na kumeza ardhi ya pwani. Kisha kizuizi kile kikavunjika, na mwaka 1879 wasafiri Hore na Thomson waliushuhudia mto ukikimbia kwa nguvu kuelekea magharibi, na ziwa likaanza kushuka. Jicho nalo lina maji yake. Si machozi, kwani machozi hupita nje. Ni maji safi yanayotengenezwa ndani kwa kiasi cha mililita 3 hivi kwa siku, yakailisha lenzi na konea ambazo hazina mishipa ya damu, kisha yakatoka kwa kichujio chembamba kilicho katika pembe baina ya konea na lile duara la rangi linaloizunguka mboni. Kichujio kikizibika, maji yaingiayo hayapungui. Na kwa kuwa jicho ni kiriba kisichotanuka, maji hayana pa kwenda, presha ikapanda. Ziwa lina jua la kulipunguzia maji, na kwa kweli jua huchukua maji mengi kuliko Lukuga, tena lina pwani ya kuifurikia, kama tulivyoona mwaka 1964, na tena mwaka 2024 lilipoingia nyumbani mwa watu. Lakini jicho halina jua wala pwani, na uzito wote wa presha ile hukandamiza mahali palipo dhaifu kupita pote, nyuma kabisa, unapotokea mshipa wa fahamu.

Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni moja, nazo hazifi zote kwa pamoja. Aghalabu hufa kwanza zile zinazotuletea habari za pembeni, ilhali zile za katikati, ambazo kwazo twasoma, twatunga uzi katika sindano na kuzitambua sura za watu, huachwa mpaka mwisho. Hapo ndipo hila ya maradhi haya ilipo. Mgonjwa haoni giza wala doa jeusi, kwa sababu ubongo hujaza pengo kwa kubahatisha, na jicho moja hulifichia jicho la pili aibu yake. Hana maumivu, hana wekundu, hana tongo. Mshoni anashona vizuri. Mwalimu anasoma daftari za wanafunzi wake. Lakini mvuvi anayerudi alfajiri huanza kujigonga na mtumbwi uliofungwa ubavuni mwa wake. Mchuuzi katika barabara ya Bujumbura hushtushwa na baiskeli iliyobeba madumu ya mawese ambayo kila mtu aliiona ila yeye. Mama hukanyaga kuku uani mwake, au hukosa ngazi ya mlango aliyoipanda miaka yote, na watoto wakamcheka kwamba amekuwa mzembe. Kabla mtu hajagundua chochote, sehemu kubwa ya nyuzi zile imekwisha kufa, na huenda jicho moja limezimika kabisa bila mwenyewe kujua, mpaka siku ambayo vumbi limemwingia katika jicho zima akalifumba, ndipo akafahamu kwamba la pili lilikwisha kufa zamani.

Nimesema haina maumivu, na hivyo ndivyo ilivyo katika aina iliyo kubwa kwetu Waafrika, ambayo pembe ya jicho iko wazi lakini kichujio ndicho kilichochakaa. Ipo aina nyingine, ya pembe iliyofungika, ambayo ni chache kwetu na nyingi katika nchi za Asia ya mashariki. Hiyo ikimjia mtu kwa ghafula, jicho huwa jekundu na gumu, kichwa humuuma upande mmoja kwa ukali, akatapika, akaiona taa imezungukwa na duara za rangi. Katika nchi yenye malaria kama yetu, mtu aumwaye kichwa na kutapika hupewa dawa ya malaria na kulazwa, wala hakuna anayelitazama jicho lake. Basi kumbukeni kwamba kuumwa kichwa, kutapika na jicho jekundu lisiloona vikikutana pamoja ni jambo la kukimbilia hospitali saa ile ile, kwa maana jicho laweza kufa katika muda wa siku moja au mbili.

Wengine wenu mtauliza: ikiwa maradhi ni presha, je, haitoshi kupimwa presha? Kwanza sharti nitenge jambo moja, ya kwamba presha ya damu, ile inayopimwa mkononi, si presha ya jicho, na mtu aweza kuwa na moja asiwe na nyingine. Pili, hata presha ya jicho yenyewe haitoshi kuwa shahidi peke yake. Kiwango cha kawaida ni baina ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini wako watu wenye 25 ambao mishipa yao imebaki salama, na wako wengine wenye 16 ambao mishipa yao inaliwa kila mwaka. Fauka ya hayo, presha hupanda na kushuka katika mchana mmoja, hata mtu akapimwa saa ambayo imetulia. Shahidi wa kweli ni mshipa wenyewe, nao huonekana tabibu akichungulia kupitia mboni. Jambo hilo halikuwezekana mpaka mwaka 1851, Helmholtz, mwanachuoni wa Kijerumani, alipotangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Na kwa chombo hicho matabibu wakaona kwa mara ya kwanza jinsi kichwa cha mshipa kinavyochimbika na kubonyea. Waganga wa macho wa Kiarabu, mathalani Ali ibn Isa wa Baghdad aliyeandika kitabu chake juu ya magonjwa ya macho yapata mwaka 1000, walikuwa na maarifa makubwa ya kope, konea na mtoto wa jicho. Lakini nyuma ya mboni hapakuwa na awezaye kufika kwa macho yake.

Sasa nije katika kiini cha maneno yangu, nacho ni kuwajua walio hatarini. Kwa sababu hatuna zana za kumpima kila mtu, na mabingwa wa macho katika nchi yetu ni wachache tena wengi wao wako Bujumbura, basi hekima ni kuanza na wale ambao maradhi yanawaelekea.

Wa kwanza ni mtu aliyetimiza miaka arobaini. Glakoma yaweza kumshika kijana, lakini kadiri umri unavyosonga ndivyo inavyozidi. Na hapa naomba msinikamate kwamba najipinga, kwa kuwa nilisema uzee haupofushi. Umri huyafungulia maradhi mlango, lakini si umri uuao mshipa, na mzee wa miaka themanini aliyetunzwa presha yake aweza kufa akiwa anaona.

Wa pili ni sisi sote, kwa asili yetu. Katika mji wa Baltimore nchini Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba glakoma ya pembe iliyo wazi ilikuwa imewashika watu weusi mara nne hadi tano zaidi ya weupe waliokaa nao mji mmoja. Na waliokusanya hesabu za mabara yote wameiona Afrika ikitangulia katika aina hiyo. Wala msidhani ya kuwa hayo ni mambo ya ng'ambo za bahari. Kongwa, katika mkoa wa Dodoma nchini Tanzania, ni nchi ya wakulima na wafugaji kama ndugu zetu wengi. Watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipimwa huko, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yakaonyesha kwamba katika kila mia, wanne na ushei walikuwa na glakoma. Wahesabuni basi watu wazima wa mtaa mmoja wa Rumonge wajao msikitini Ijumaa au kanisani Jumapili, mtapata kwamba katika kila mia waliokaa safuni, wachache wao yamkini wamekwisha kuanza kupoteza nuru wala hawajui.

Wa tatu, na juu yake nataka kukaa kitako, ni jamaa wa damu wa mtu mwenye glakoma. Mjini Rotterdam, Uholanzi, wataalamu waliwafuata ndugu na watoto wa wagonjwa, wakawapima pamoja na watu ambao jamaa zao hawakuwa na maradhi hayo. Na mwaka 1998 wakatoa hesabu kwamba ndugu au mtoto wa mgonjwa ana hatari ya kupatwa na glakoma maishani mwake ya 22 katika mia, ilhali wengine wana 2.3 tu. Tofauti ya mara tisa au kumi! Hakuna mashine iuzwayo duniani iwezayo kumnyooshea kidole mgonjwa wa kesho kwa wepesi huo. Na ikiwa Ulaya walihitaji kuuliza ili kujua nani ni ndugu wa nani, sisi twayajua hayo kwa moyo. Mwanamke wa Rumonge aweza kuhesabu nasaba ya mumewe mpaka babu wa nne bila kukosea, akakutajia na walioolewa Bururi na waliohamia Uvira.

Lakini ukoo wetu haukukaa mahali pamoja. Mwaka 1972 watu wa Rumonge, wa Nyanza-Lac na wa Bururi waliyakimbia mauaji, wengi wakavuka kwenda Tanzania, wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo miaka zaidi ya thelathini. Kisha wako waliorudi wakajengewa vijiji vya amani katika pwani hii, wako waliopewa uraia wa Tanzania wakabaki, na wako walioshika njia ya Kigoma, ya Baraka huko Kongo, na ya nchi za mbali. Ndugu wa tumbo moja, basi, aweza kuwa na macho yanayokufa Mishamo kwa maradhi yale yale yaliyompofusha kaka yake Rumonge, wala hakuna aliyemwambia. Habari za harusi huvuka ziwa. Habari za matanga huvuka usiku huo huo. Habari za glakoma nazo zina haki ya kuvuka. Mgonjwa akiisha kuambiwa jina la maradhi yake, kazi ya kwanza ya jamaa, kabla hata ya kutafuta nauli, ni kuwapigia simu kaka, dada na watoto wote, popote walipo, na kuwaambia kwa maneno ya wazi: katika damu yetu imo glakoma, nendeni mkapimwe. Wala hiyo si aibu ya ukoo, si laana wala hasada ya jirani. Aibu ni kuijua hatari na kuinyamazia.

Wako na wengine, ambao nitawataja kwa haraka zaidi. Yuko mtu aliyepigwa jichoni, kwa ndoana, kwa ncha ya kuti la mchikichi, kwa ngumi au kwa jiwe. Jicho laweza kupona machoni pa watu, na kichujio chake kikawa kimejeruhiwa ndani, glakoma ikaja miaka kumi baadaye. Yuko asiyeona mbali kwa kiasi kikubwa. Yuko mwenye kisukari. Yuko mwenye mtoto wa jicho uliopitiliza, ukavimba au ukavuja ndani ya jicho. Na yuko mmoja ambaye hatari yake yatoka dukani: mtu, na mara nyingi mtoto wa shule mwenye macho ya kuwasha, anunuliwaye matone yenye dawa za jamii ya kotizoni, kama deksamethasoni, akayaona yanatuliza kwa siku mbili, kisha akaendelea nayo kwa miezi bila tabibu. Yapata mtu mmoja katika watatu akitumia matone hayo kwa muda presha ya jicho lake hupanda, na wako watoto waliokuwa na macho mazima yenye muwasho tu, wakaishia na macho yasiyowasha wala kuona. Dawa hiyo si sumu mkononi mwa mjuzi. Lakini mzazi asikubali kuirudia chupa ya pili bila jicho la mtoto kupimwa.

Wala watoto wachanga hawakuachwa. Mara chache mtoto huzaliwa na glakoma, na uwezekano huo huzidi wazazi wanapokuwa jamaa wa karibu, kama watoto wa ndugu waliooana. Macho yake huwa makubwa, na watu wakamsifia mama kwa uzuri huo. Lakini huyafumba jua likitoka, hutiririka machozi bila kulia, na weusi wa jicho huwa na ukungu wa samawati. Mtoto huyo ahitaji operesheni mapema; na kwa kuwa tangu mwaka 2006 matibabu ya watoto wasiotimiza miaka mitano hayalipishwi katika hospitali za serikali ya Burundi, mama asimweke nyumbani kwa hofu ya gharama kabla hajauliza.

Yabaki kuuliza tiba ni nini. Tiba zote za glakoma zina kazi moja, nayo ni kuishusha presha ili nyuzi zilizobaki zisalie. Hakuna irudishayo zilizokufa. Historia yake ina jambo la kupendeza kwetu, kwani mojawapo ya dawa za kwanza ilitoka Afrika: mbegu ya Calabar, katika nchi iitwayo leo Nigeria, ambayo watuhumiwa wa uchawi walinyweshwa ili waapizwe kwayo. Mwaka 1876 Laqueur, tabibu wa Strasbourg ambaye yeye mwenyewe alikuwa na glakoma, alitangaza kwamba kiini cha mbegu hiyo chashusha presha ya jicho. Matone ya leo, kama timololi, ni salama zaidi, ingawa mwenye pumu sharti amwambie tabibu kabla ya kupewa, maana hiyo yaweza kumfunga pumzi. Hutiwa kila siku, maisha yote. Na hapo ndipo wengi wanapoanguka, kwa kuwa mtu hutia matone mwezi mzima, haoni tofauti yoyote, akadhani dawa haifanyi kazi, akaacha. Naam, hutaona tofauti: faida ya dawa ni kwamba mwakani utaona kama unavyoona leo.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi katika mji huu wa Rumonge, aghalabu huyaacha matone mwezi wa Ramadhani kwa hofu ya kufuturu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jidda mwaka 1997, liliyahesabu matone ya jicho miongoni mwa mambo yasiyobatilisha saumu. Na anayebaki na wasiwasi na amwulize sheikh wake, kisha amwombe tabibu ampangie saa za kabla ya alfajiri na baada ya magharibi. Aidha, ukitia tone moja, ukafumba jicho, ukaibonyeza pembe yake iliyo karibu na pua kwa dakika mbili, dawa hubaki jichoni wala haitelemki kooni.

Ipo pia tiba ya mwanga wa leza, ambao huelekezwa katika kile kichujio bila kukata kitu. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, nchini Tanzania, wagonjwa 201 waligawanywa, wengine wakapewa matone ya timololi na wengine mwanga huo. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yakaonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, macho 61 katika mia ya waliopata mwanga yalikuwa yamefikia presha iliyokusudiwa, dhidi ya 31 katika mia ya waliotumia matone. Kwa watu waishio mbali na duka la dawa, habari hiyo ni kubwa, na wenye mamlaka ya afya wa nchi zetu wana wajibu wa kuizingatia. Mwisho iko operesheni, ambayo namna yake itumikayo zaidi ilielezwa na Cairns wa Cambridge mwaka 1968, ya kuyafungulia maji njia mpya. Mgonjwa aambiwe kabla ya kupasuliwa kwamba operesheni hii si ile ya mtoto wa jicho, wala hatatoka akiona zaidi ya alivyoingia. La sivyo atatoka akiwasimulia watu kwamba ameharibiwa, na maneno yake yatawazuia kumi waliokuwa wakijiandaa kwenda.

Basi nawausia haya. Kila aliyetimiza miaka arobaini na apimwe macho, hata akijiona mzima, na arudie kila mwaka mmoja au miwili. Asiridhike kusomeshwa herufi ukutani, kwa sababu mwenye glakoma aweza kuzisoma zote; aombe presha ya jicho ipimwe na mshipa wa fahamu utazamwe, naye aulize bila haya: mshipa wangu ukoje? Anayepakwa majani, maziwa au mkojo jichoni na aache leo, kwani hakuna hata kimoja katika hivyo kifikacho mahali maradhi yalipo, na vyote vyaweza kuiozesha konea. Na kila nyumba yenye mzee asiyeona, ambaye hakuna aliyepata kumwuliza tabibu sababu, na impeleke akachunguzwe. Ikiwa ni mtoto wa jicho, huenda akarudi anaona. Ikiwa ni glakoma, yeye hatarudishiwa nuru yake, lakini jina la maradhi atakalorudi nalo laweza kuyaokoa macho ya watoto wake wote. Na mzazi ambaye upofu wake umewaokoa wanawe amewapa urithi mkubwa kuliko shamba la michikichi. Msiseme tena kwamba ni uzee. Nendeni mkapimwe, na mwaambie ndugu zenu walio ng'ambo ya ziwa nao waende.